Unatumika Wapi?

Wiki yangu ya tatu hapa kitivoni, katika semina ya mofolojia, mhadhiri alitutaka kila mmoja ajitambulishe kwa sentensi mbili. Zamu yangu ilipofika nikasema: "Natoka Kolwezi, Kongo. Baba yangu alitumika mgodini miaka ishirini na sita." Darasa likaangua kicheko. Aliyekaa nyuma yangu akauliza, "Alitumikaje sasa, kama jembe?" Mhadhiri, kwa upole kabisa, akanisahihisha: alifanya kazi. Nikaandika kwenye daftari, nikapiga mstari chini yake, nikakaa.

Sikukasirika. Mgeni huchekwa, na mimi nimewacheka wengi tangu siku ile. Ila neno lenyewe halikunitoka. Kwetu Lualaba "natumika" ndilo neno la kila siku la kufanya kazi ya kuajiriwa. Ukikutana na mtu mliyepoteana muda mrefu, kabla hajakuuliza habari za watoto atakuuliza, "Uko unatumika wapi?" Hakuna anayesikia matusi ndani yake. Na mwanafunzi yeyote wa kitivo hiki ataniambia, kwa haki, kwamba si Wakongo waliolizua: mzizi ni -tum-, umezaa kutuma, kutumia, kutumika, mtumishi, utumishi, hata mtume. Watumishi wa umma wa Tanzania wametoka tumbo hilo hilo na hakuna anayewacheka.

Jambo lililonishika ni jingine, tena ni la kisarufi. Kauli ya kutendwa inamtaja mtenda ukitaka: nimetumiwa na fulani. Kauli ya kutendeka haimpi nafasi. Shamba linalimika, mlango unafunguka, mtu anatumika. Nani analima, nani anafungua, nani anatumia, sentensi haina haja naye. Kwa hiyo swali letu la nyumbani linauliza mahali tu. Nilipolisikia kwa sikio la darasa lile lililocheka, niligundua kwamba katika umri wangu wote nilikuwa nimejiuliza wapi, na sikuwahi kujiuliza na nani wala kwa faida ya nani.

Nalileta hili jaridani kwa sababu muhula ujao wengi wetu tunamaliza, na mazungumzo ya kantini yamekuwa mamoja: utafanya nini na shahada ya lugha? Nina maoni kuhusu swali hilo. Nimeyapata nyumbani zaidi kuliko darasani, tena kwa kukosea.

Kwa wasioijua Kolwezi: ni makao makuu ya mkoa wa Lualaba tangu Katanga ya zamani igawanywe mwaka 2015. Shaba ndiyo iliyoujenga mji. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilijenga makambi ya wafanyakazi, na ndani ya kambi mtu alipata nyumba, mgao wa unga, shule ya watoto na hospitali. Mwaka 1967 serikali ikachukua migodi, ikawa ile iitwayo leo Gécamines. Mwaka 1986 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ukaporomoka, nchi ikaingia katika misukosuko, na kufikia 1994 uzalishaji haukufika hata tani 50,000. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000, wenye malimbikizo ya mishahara ya miezi mingi, waliondoka kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia na kupewa jina la Kifaransa "départs volontaires", yaani kuondoka kwa hiari. Hiari ya mtu aliyekaa miezi bila mshahara ni hiari ya namna gani, hilo ni swali zuri la semantiki ambalo halimo katika mtaala wetu.

Nimekulia mtaa uliojaa watoto wa watu hao. Mgao wa unga ulikuwa umekwisha siku nyingi, lakini wazo la kambi lilibaki: kwamba kazi ni mahali unapoingia, na ukishaingia maisha yatajipanga. Kuchagua kazi kulikuwa kuchagua geti. Anthropolojia inao msomaji wake wa neno hili. Johannes Fabian alifanya utafiti Kolwezi katika miaka ya 1960, akaandika makala nzima kuhusu neno "kazi" miongoni mwa wafuasi wa Jamaa, harakati ya Kikatoliki iliyotokana na mafundisho ya padri Placide Tempels hapo hapo Kolwezi. Wafanyakazi wale walilipa neno "kazi" upana uliopita ajira. Niliisoma makala hiyo hapa maktaba, mbali na nyumbani, na kuona haya kidogo: mgeni alikaa akasikiliza neno ambalo sisi tulilipitia kama jiwe la njiani.

Sasa mdogo wangu. Ananifuata kwa miaka mitatu, na tangu aache shule anachimba kobalti kwa mikono pamoja na wenzake. Kwetu wanaitwa kwa Kifaransa "creuseurs". Sheria inawaruhusu kwenda chini mita 30. Wao hufuata mshipa wa madini unakoelekea. Likizo ya kwanza niliporudi nyumbani aliniangalia kwa huruma ya kweli akasema:

"Yaya, weye uko unasoma Kiswahili ya nini? Si tunasemaka kila siku?"

Sikuwa na jibu. Nilianza kumweleza fonolojia, naye akaenda kunawa. Jioni akanunua nyama kwa nyumba nzima, akampa mama hela ya sabuni, na mimi nikala nyama hiyo na shahada yangu nusu mfukoni. Ndugu msomaji, kama hujawahi kulishwa na mdogo wako aliyeacha shule, usinifundishe kuhusu thamani ya elimu.

Niliporudi chuoni nikakuta semina ya kujitambua ukumbini, za bure, zenye soda. Msemaji, kijana nadhifu, alituambia tufuate ndoto zetu, tusijilinganishe na mtu. Tukapiga makofi. Nilitoka pale nimechangamka, na siku tatu baadaye mchangamko umeisha sikuwa nimepata hata swali moja jipya. Sina ugomvi na soda. Ugomvi wangu ni na lile agizo la kutojilinganisha. Mtu maskini hana budi kujilinganisha, kwa kuwa kila mwaka anaokaa darasani kuna anayeulipia. Kosa letu, mimi na mdogo wangu, lilikuwa katika vitu tulivyovilinganisha.

Yeye aliweka wiki yake bora mbele ya mwaka wangu mbaya. Mimi, kisirisiri, niliweka ndoto yangu bora (profesa, vitabu, safari) mbele ya siku yake mbaya kuliko zote, siku ambayo shimo linafunga. Hivyo kila mmoja alishinda mabishano kichwani mwake na hakuna aliyejifunza chochote.

Likizo iliyofuata nilimwomba jambo dogo. Kwa mwezi mmoja, kila jioni, aniambie alichopata, nami niandike. Alikubali kwa masharti kwamba mama asione daftari. Katika siku 26 za kazi, siku 11 hakupata kitu: maji yameingia shimoni, au wanaondoa udongo tu, au wanasubiri mnunuzi. Siku moja alipata dola 90. Aliyefadhili shimo alikata fungu lake, wenzake wakagawana, walinzi njiani nao wakawa na lao. Mwisho wa mwezi ilikuwa dola 240 na ushei. Nilitegemea namba zinipe ushindi, hazikunipa: mwalimu wetu wa shule ya msingi alikuwa akipata pungufu ya hapo. Lakini mdogo wangu aliangalia zile siku 11 kwa muda mrefu. Alikuwa akizikumbuka kama tatu au nne. Mimi nami nikakumbuka kwamba sijawahi kuandika daftari la namna hiyo kwa ajili yangu: ni wahitimu wangapi wa kitivo chetu ninaowajua, wanafanya nini, walisubiri miezi mingapi. Nilipojaribu, niliweza kuwataja tisa. Nilikuwa nimepanga maisha kwa kuangalia wawili waliofanikiwa.

Jambo jingine daftari halikulionyesha kwa kuwa liko nje ya shimo. Bei ya kobalti haipangwi Kolwezi. Mapema 2018 tani moja ilipita dola 90,000 katika soko la London. Mwaka uliofuata ilikuwa imeporomoka hadi karibu theluthi ya hapo, na mgodi mkubwa wa Mutanda ukasimamishwa mwishoni mwa 2019. Februari 2025 serikali yetu yenyewe, ambayo nchi yake hutoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, ilisimamisha kuuza nje ili bei ipande, na Oktoba ikaweka mgao. Nyakati zote hizo mchimbaji alikuwa hodari vilevile na mkono wake ulikuwa na nguvu ileile. Anayesema "fanya bidii tu" hajawahi kuuza jiwe.

Naye ndiye aliyenipeleka kuuza. Katika depo moja ya wanunuzi tulikuta bei zimeandikwa kwa kalamu nene juu ya kipande cha kiroba, asilimia upande mmoja, faranga upande wa pili. Mnunuzi akaelekeza kwenye mawe kile kifaa cha mkononi kinachoitwa metorex, kinachofanana na bunduki ndogo, akasoma namba kwa sauti kwa lugha yake, karani akaitafsiri, mdogo wangu akaitikia kwa kichwa, hela ikahesabiwa. Hakuna aliyeonyeshwa kioo. Nilisimama pale, mwanafunzi wa lugha wa mwaka wa pili, nikaona kwamba kati ya jiwe na hela kulikuwa na sentensi mbili tu, na zote mbili alikuwa nazo mtu mwingine. Jibu la swali la mdogo wangu, Kiswahili ya nini, lilikuwa mbele yangu. Sikuliona siku ile. Nililiona mwaka mmoja baadaye, nilipokuwa mimi ndiye karani.

Likizo ya mwaka jana nilipata kibarua cha ukalimani. Kampuni fulani, jina nitaliacha, ilikuwa inafanya mikutano na vijiji vilivyo karibu na eneo lake. Tangu sheria ya madini irekebishwe mwaka 2018, kampuni hutakiwa kukubaliana na wakazi juu ya miradi watakayofanyiwa, na makubaliano hayo hata vijijini huitwa kwa Kifaransa "cahier des charges". Afisa alizungumza Kifaransa, mimi nikageuza kwa Kiswahili chetu. Dola 50 kwa siku, chakula juu. Nilivaa shati la mikono mirefu.

Mtu mmoja akauliza kuhusu kisima. Afisa akajibu kwamba watalichunguza suala la kisima. Ni sentensi ya ofisini; kwa Kifaransa kila mtu mle ofisini anajua kwamba haiahidi kitu. Mimi nikasema, "Kuhusu kisima, tutakiangalia." Watu wakapiga makofi. Mama mmoja mtu mzima akasimama, akashukuru, akauliza kitaanza mwezi gani.

Mnaona kilichotokea. Kuangalia ni kutazama, na kuangalia ni kutunza: mtoto huangaliwa, mgonjwa huangaliwa. Afisa alisema atatazama. Kijiji kikasikia atashughulikia. Na mimi nilijua papo hapo, kabla makofi hayajaisha, kwamba nimechagua neno lenye milango miwili na watu wameingia kwa ule usio wangu. Ilikuwa saa saba, jua kali, afisa anaangalia saa yake, gari linaunguruma. Sikusahihisha. Nilimgeuzia swali la yule mama, afisa akasema tutawajulisha, nikasema tutawajulisha.

Njiani kurudi nilijifariji kwa neno lenyewe hili ninaloliandikia leo. Nilijiambia: si maneno yangu, mimi nilitumika tu. Kauli ya kutendeka, ile isiyo na mtenda, ilinikaa kama blanketi.

Wiki saba baadaye nilisikia kutoka kwa kijana wa kule kwamba kijiji kilikuwa kinachangisha faranga za kununua kipuri cha pampu yao ya zamani ya mkono, na baada ya mkutano wetu uchangishaji ulisimama. Kwa nini kutengeneza ya zamani wakati mpya inakuja? Pampu ikafa kabisa. Wanawake wakarudi mtoni.

Nilikwenda. Mdogo wangu alinipeleka kwa pikipiki ya kuazima, siku tatu kabla ya safari yangu ya kurudi chuoni. Nikamweleza chifu, nikaomba yule mama aitwe, nikaeleza tena: yule mkubwa hakusema atajenga, alisema atatazama, neno lilikuwa langu. Nilitegemea hasira. Mama alinyamaza kidogo, akasema:

"Mwanangu, siye hatusikiake Kifransa. Siku ile tulisikia weye."

Sijapata kusoma maelezo mafupi zaidi ya kazi ya mkalimani. Walioko chumbani hawamsikii mwenye maneno, wanamsikia yeye. Hawezi kutumika tu.

Basi maoni yangu ni haya, na wahadhiri wangu wataniwia radhi. Tunafundishwa, na wengine tunajifundisha, kwamba chaguo letu ni lugha au pesa: ukipenda lugha ukae na umaskini wako kwa heshima, ukitaka pesa uende kwenye migodi, benki, forodha. Kwa ukanda wa shaba hilo si kweli. Shaba inayotoka Kolwezi hupita Kasumbalesa, ikavuka Zambia, ikaingia Tunduma, na nyingine hufika bandari ya Dar es Salaam kwa barabara ile ile iliyonileta mimi kwa basi. Kwenye kila kituo cha njia hiyo kuna mtu anayesaini karatasi asiyoielewa vizuri kwa sababu mwenzetu mmoja ameitafsiri haraka haraka. Kazi zipo. Swali ni kama tunaziendea tukiwa na ufundi au tukiwa na shati la mikono mirefu.

Na ufundi huo kitivo hiki bado hakijanipa chote. Katika kozi za tafsiri tumefanya hotuba za mabalozi na vipande vya riwaya. Hatujawahi kufanya mkutano wa kijiji, hatujawahi kumkalimania mtu anayekwepa kujibu, na mara zote mbili nilipoleta darasani mfano wa Kiswahili cha Katanga ulipokelewa kama orodha ya makosa. Sidai kwamba kila mtu aseme "siye hatusikiake". Nadai kwamba anayetaka kula mkate wa lugha ajue "kuangalia" linasikika vipi Kolwezi, Kigoma na Mombasa, kwa sababu kuna siku atakuwa amesimama katikati na watu watasikia yeye. Sanifu hainisaidii pale: tutakiangalia ni sanifu kabisa.

Kwa wenzangu wanafunzi nina neno moja gumu zaidi. Baadhi yetu tunajificha kwenye lugha kama nilivyojificha kwenye kauli ya kutendeka. Tunasema "nilipangiwa kozi hii", "nilijikuta Kiswahili", "mambo yakawa hivyo". Najua mfumo wa udahili, najua ada. Lakini niliandika sentensi hizo zote upya kwenye daftari langu, nikiweka mtenda kila mahali: nani alinipangia, nani alilipa, mimi nilikubali lini, nilikataa nini. Ukurasa ule ulikuwa mfupi na haukupendeza. Mahali pawili mtenda alikuwa mimi na nilikuwa nimemwandika mzazi.

Mdogo wangu bado anachimba. Anaandika daftari lake mwenyewe sasa, kwa tahajia yake, na amenunua simu ambayo anaipigia picha kioo cha kifaa pale depo. Wanunuzi wengine wanamruhusu, wengine wanamfukuza, naye hao wa pili hawarudii. Sikumshauri hilo.

Mimi nimepewa barua ya kazi, ukalimani wa mwaka mzima, mshahara ambao sijawahi kuuona ukiandikwa mbele ya jina langu. Baba anataka nikubali kabla wino haujakauka. Nimewajibu kwamba nakubali kwa kifungu kimoja cha ziada: kwamba katika mkutano wowote niwe na haki ya kusimamisha mazungumzo na kuuliza msemaji alichokusudia, na kwamba yaliyoahidiwa yaandikwe kwa Kiswahili na kusomwa mbele ya watu kabla hatujaondoka. Nimewatumia barua hiyo tangu tarehe 3. Hadi nakabidhi makala hii kwa mhariri hawajajibu, na baba ameacha kuniuliza nitatumika wapi, siku hizi anauliza, "Wamesemaje juu ya kile kifungu chako?"